Siki ya Mvinyo wa Dao

Mara ya kwanza Machano Haji alipompa Usi mkono, Usi hakuupokea. Alikunja ngumi, akageuza kiganja ndani, akamnyooshea kifundo cha mkono kama mtu aliyetoka kuparua samaki.

"Shika hapo juu," alimwambia. "Vidole vina mvinyo. Usije ukanilaumu ukishafika msikitini."

Walikuwa kwenye mlango wa nyuma wa ghala la Bwana Kwadrosi, Mgoa muuza mvinyo, katika kichochoro cha Shangani kisichoona jua ila saa sita mchana. Machano alikuja kutafuta chupa tupu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake miaka hiyo ya mwanzo ya hamsini: kuzunguka mjini na gunia, kununua chupa kwa wapishi wa Wazungu, kuziosha kwa mchanga na machicha ya nazi, na kuziuza kwa wenye mafuta, wenye asali na wenye siki. Alitoka Tumbatu hana ami wala mjomba wa kumweka dukani, na kila alichokuwa nacho alikipata kwa mdomo wake. Hakupata kusifia kitu anachokitaka mbele ya mwenyewe. Na kabla hajaitazama mali, alimtazama kwanza anayeilinda.

Basi akamtazama Usi. Aliona mtu wa makamo, mwembamba, kajifunga gunia kiunoni mahali pa shuka, na mikono yake toka ncha za vidole mpaka karibu na viwiko imeingia rangi, kama mtu aliyechuma zambarau msimu mzima bila kunawa. Machano akaona papo hapo kwamba mtu anayeionea haya mikono yake mwenyewe hawezi kushindana kwa bei. Siku ile aliondoka na gunia limejaa, na Usi ndiye aliyemsaidia kujitwisha.

Usi Miraji alikuwa mtu wa Makunduchi. Alikuja mjini kijana kutafuta kazi ya bandarini, akaikuta ya Kwadrosi, akabaki nayo. Alibingirisha mapipa, akaosha chupa, akatia vizibo, na juu ya yote hayo akafanya kazi ambayo Kwadrosi hakumwamini nayo mtu mwingine, nayo ni kuchanganya. Maana ule mvinyo mwekundu uliompa Kwadrosi jina kwa Wazungu na Magoa wenzake haukuja umeshakuwa tayari. Ulikuja kwa meli za Kireno katika mapipa mbalimbali, kila pipa na zabibu yake, na yote yakitoka nchi moja ya milimani huko Ureno iitwayo Dao. Kulikuwa na Turiga, mweusi na mkali. Kulikuwa na Jaeni, laini, wenye harufu ya matunda. Na kulikuwa na Alfrosheiro, ambao kazi yake kubwa ilikuwa rangi. Kwadrosi alionja akasema, "Tia kidogo Jaeni, Turiga atulie," na Usi aliteka kwa kata, akamimina, akakoroga, akatonesha tone kwenye sahani nyeupe kuitazama rangi. Ulimini hakuutia hata mara moja. Kwadrosi mwenyewe aliwaapia watu hivyo.

Kwadrosi hakupata kuiona Dao. Watu wake walikuwa wa Goa, na hayo ya Ureno aliyapata kwa wapishi wa meli. Lakini ukimpa nafasi alikusimulia kama aliyezaliwa huko: milima imeizunguka nchi pande zote, misonobari juu yake, baridi ya kugandisha maji mitungini, kisha jua la kuunguza, na mizabibu imejikunyata kwenye mchanga uliotokana na mawe. Wakati wa mavuno wanaume kwa wanawake huingia kwenye birika la jiwe, wakazikanyaga zabibu kwa miguu huku wanaimba.

Usi alizipenda habari hizo. "Kumbe kwao kama kwetu," alimwambia Machano siku moja. "Makunduchi nako mawe matupu. Unapanda mtama kwenye kijishimo baina ya jiwe na jiwe, unauombea."

"Na mtama wenu wanaukanyaga kwa miguu?"

"Weye mtu wa Tumbatu utajua nini cha kulima? Nyie mnalima bahari."

Machano alicheka kwa sababu alikuwa anangoja chupa. Habari za Dao hazikumwingia. Hakuona faida ya kuwajua watu ambao hawamuuzii kitu wala hawanunui kwake.

Kila alasiri Usi alilivua gunia lake, akaliacha ghalani, akateremka pwani, akajisugua kwa mchanga na maji ya bahari mpaka ngozi ikawasha, kisha akavaa kanzu yake na kwenda kwake Ng'ambo. Harufu ilitoka. Rangi haikutoka. Majirani walimwita Usi Mvinyo, watoto wao hivyo hivyo. Kwenye hitima, sinia likiwekwa mbele ya watu wanne na yeye akiwa mmoja wao, hakukosekana mmoja wa kukumbuka kwamba kaacha mlango wazi nyumbani. Usi alikula upande wake, taratibu, akashukuru, akaondoka. Hayo aliyazoea. Asiloweza kulizoea lilikuwa la Wanu, binti yake.

Wanu aliposwa na kijana wa Malindi, Mabrouk, fundi cherehani, mpole, ambaye hata mtu mgumu kama Machano hakumwona na kasoro. Lakini mama wa kijana, Bi Mwanakhamis, alituma neno: binti hana ila, ila yake ni chakula alicholelewa nacho. Usi atoke kwenye mvinyo, aonekane anakula kwa kazi nyingine, halafu watu wakae kitako. Muda aliompa ni mpaka Mfunguo Sita, baada ya Maulidi. Mwezi huo ukipita na Usi bado yumo ghalani, Mabrouk ataozwa kwa jamaa zao wa Mkokotoni.

"Nitakwenda kufanya nini?" Usi alimuuliza Machano, akiwa kapakata chupa. "Bandarini wanataka vijana. Shamba sina. Ninachokijua ni hiki tu."

Machano aliliweka neno lile mahali, kama alivyoweka kila kitu.

Mwaka ule ndio aliotawazwa Malkia Uingereza, na Kwadrosi, akitarajia Wazungu watakunywa wiki nzima, aliagiza Dao nyingi kuliko kawaida yake. Meli ilikwama Beira. Sherehe zikapita, bendera zikashushwa, ndipo mapipa yakaja. Tena yalikaa juani bandarini kwa sababu ya vurugu za ushuru. Chupa za kwanza alizouza zilirudishwa. Mvinyo ulikuwa umeanza kuchachuka.

Machano aliposikia alikwenda, akasimama mlangoni na kitambaa puani.

"Bado mzuri huu," alisema Kwadrosi.

"Mzuri sana, Bwana. Nimeunusa toka Forodhani."

"Unataka nini, Machano?"

"Sitaki kitu. Nimekuonea huruma. Takataka hii ikikaa humu itaharibu na ulio mzima. Nitakuondoshea mapipa matatu, nikupe chupa safi mwaka mzima bila kukudai, na mapipa yakishakuwa matupu nikurudishie."

Kwadrosi alimtukana kwa Kireno, akaenda kusali kwake kanisani, akarudi, akakubali. Alijua anaibiwa, ila hakujua wapi.

Alikuwa anaibiwa kwenye siki. Siki iliyokuwako mjini ni ya tembo la mnazi, nzuri lakini ikikaa sana inafanya utando, na wapika achari walikuwa wanailalamikia. Bi Mize wa Vikokotoni, ambaye achari yake ya embe ilipelekwa mpaka Pemba, alikwishamwambia Machano kwamba anatafuta siki nzito yenye rangi. Na Machano alikuwa na kiwanja Mtoni, kando ya barabara ya Bububu, chenye banda la makuti. Kilichobaki ni mtu anayeyajua mapipa, asiyejua kudai.

"Toka kwa Kwadrosi," alimwambia Usi. "Kaa Mtoni, uyaangalie mapipa mpaka yawe siki. Tukiuza, nusu yako, nusu yangu. Siki si mvinyo. Mtume mwenyewe kala siki. Bi Mwanakhamis atasema nini tena?"

Usi alifuta mikono kwenye gunia. "Lazima tumuulize Shehe kwanza."

Wakaenda kwa Shehe Matar, imamu wa Malindi, mtu mkavu wa maneno machache. Akawasikiliza, akajibu.

"Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila ya kutiwa kitu, umetwahirika, na pipa lake limetwahirika. Ukitiwa kitu ili ugeuke, basi hata ukigeuka ni najisi ile ile. Na siki safi ikiingiwa na mvinyo, imekwisha."

"Tukitia kitu kidogo tu?" aliuliza Machano. "Chumvi?"

"Hata chumvi. Hata siki yenyewe."

"Na tukiyahamisha, kutoka kivulini kuyaweka juani?"

"Kuhamisha si kutia. Hamisheni."

Usi aliaga kwa Kwadrosi wiki ile ile. Gunia lake aliliacha limetundikwa msumarini. Habari zikaenda Malindi kwamba Usi Mvinyo kaacha mvinyo, na Bi Mwanakhamis akamtumia Wanu kanga pea moja, jambo ambalo Usi alilisimulia Mtoni kwa kila aliyepita mpaka Machano akamwambia anyamaze, anavuta nzi kuliko wanunuzi.

Yakaanza kungojewa mapipa. Walitoa vizibo, wakafunika matundu kwa kitambaa, wakayahamisha juani na kivulini. Jaeni, laini kama alivyokuwa, aligeuka wa mwanzo. Alfrosheiro akafuatia. Turiga alikataa. Kila asubuhi Usi aliinamia tundu lake, akanusa, akatikisa kichwa. Machano alikwenda kumuuliza Kwadrosi, na Kwadrosi, aliyekuwa bado anauguza ile biashara, alifurahi sana.

"Turiga wa Dao? Huyo kazaliwa kwenye baridi na mawe. Wewe utakufa, Machano, yeye bado mvinyo."

Mfunguo Sita ukawa unakaribia. Machano akachukua kidogo cha Jaeni na kidogo cha Alfrosheiro, akampelekea Bi Mize aonje. Bi Mize, mwanamke mnene mwenye vidole vya manjano kwa bizari, alilamba kimoja, akalamba cha pili.

"Hii ya kwanza maji. Hii ya pili rangi nzuri, haina makali. Embe zangu zitalala usingizi humo. Niletee yenye makali kabla ya Maulidi, au nirudi kwenye tembo langu."

Machano akayabeba maneno hayo mpaka Mtoni, na hakuyapunguza ukali njiani. "Muda unakwisha, Usi. Bi Mize anakataa. Bi Mwanakhamis anahesabu siku. Mimi nimempa Kwadrosi chupa zangu bure. Sijui utafanya nini. Fanya siki iwe na makali."

Akageuka akaenda zake mjini.

Kesho yake alipofika, asubuhi, alimkuta Usi kasimama baina ya mapipa, sahani nyeupe mkononi, uso umenawiri kama wa mtu aliyepata mtoto. Alikuwa amechanganya yote. Aliteka huku akatia kule, akakoroga, akatazama rangi, akaongeza, kama alivyofanya maisha yake yote katika kichochoro cha Shangani.

"Tazama," alisema. "Tazama rangi hiyo! Jaeni peke yake hakuwa na nguvu, nikampa Turiga kidogo. Onja."

Machano alichovya kidole akaonja. Ilikuwa siki asiyopata kuionja, nzito, kali, na chini ya ukali kuna utamu. Hapo hapo akasogea kwenye pipa la Turiga, akainama kama anayetazama mbao, akanusa. Juu palikuwa na harufu ya siki. Chini yake palikuwa na ile nyingine, ya mlango wa nyuma wa Kwadrosi.

Machano akatema mate pembeni. Akafuta mdomo kwa mkono wa kanzu.

"Jaza chupa," alisema.

Zikajazwa, zikatiwa kwenye gari la punda, zikafikishwa Vikokotoni kabla ya adhuhuri. Bi Mize alionja akapiga kigelegele. Embe zilikuwa zimeshakatwa na kutiwa chumvi, akaanza kazi papo hapo, na Machano akarudi Mtoni akipanga mahali pa kununua mapipa mengine.

Usi alikuwa anamngoja, kaketi chini, mgongo kwenye ukuta wa banda.

"Machano."

"Naam."

"Turiga hakuwa amegeuka."

"Nani kasema?"

"Pua yangu. Ilinambia asubuhi, nikaidharau. Mikono ilikuwa imeshaanza." Akaitazama. "Leo sikwenda pwani kujisugua. Nikasema hii ni siki, siki ni safi, nikatia udhu nikenda kuswali hapo msikitini Mtoni. Baada ya sala mtu wa ubavuni akanipa mkono. Nikampa kiganja, Machano. Kiganja kizima. Sijampa mtu kiganja tangu sijaoa. Hapo ndipo niliponusa."

Machano akakaa karibu naye. Alijua kwamba sasa ananunua, na kwamba hajapata kununua kitu kigumu kama hiki.

"Sikiliza. Mvinyo ni kidogo, siki ni nyingi. Utageukia mumo humo chupani."

"Shehe kasema imekwisha."

"Shehe yuko Malindi. Hapa tupo miye na weye."

"Na Mungu."

"Mungu anajua hukukusudia. Usi, tumia akili. Maulidi ni wiki ijayo, baada yake mnakaa kitako na watu wa Mabrouk. Ngoja ndoa ipite. Ikishapita, nakwenda kwa Bi Mize mwenyewe, nainunua achari yote, naimwaga chooni, nasema imeniletea hasara. Wanu keshakuwa mke wa mtu. Nani atamrudisha?"

Machano aliona maneno yameingia, akaongeza mengine juu yake.

"Kiwanja hiki nakupa nusu. Si siki tu. Ardhi. Uandikwe jina lako."

Usi alikuwa anatazama barabarani, mahali ambapo wanawake wa Bububu walikuwa wanapita na matenga ya mbirimbi. Alikaa hivyo mpaka ikaadhiniwa alasiri, na Machano hakumharakisha. Alijua kungoja ni sehemu ya bei.

"Na watakaokula kabla ya harusi?" aliuliza Usi mwisho.

"Watakula achari."

Usi alisimama, akakung'uta kanzu. "Wanu nimemlisha kwa mvinyo miaka yote. Sitamwoza kwa mvinyo pia."

Akashika njia ya mjini kwa miguu, na Machano nyuma yake, akiongea. Alimwahidi, akamtisha, akamkumbusha machozi ya Wanu, akamwambia ni mpumbavu, akamwita ndugu yangu. Usi hakupunguza mwendo mpaka wakafika Vikokotoni, kwenye mlango wa Bi Mize, ambako mitungi ya achari ilikuwa imepangwa barazani inapigwa na upepo.

"Karibuni wenye siki!" alisema Bi Mize. "Leo mmenipa makali niliyoyataka."

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, Usi. Mbona hivyo? Umefiwa?"

"Bi Mize, siki ile si safi. Nimetia mvinyo ambao haujageuka. Kosa langu. Usiiuze, na aliyekula mwambie asukutue."

Bi Mize aliweka mkono kifuani. Kisha sauti yake ikasikika mpaka nyumba ya tatu. "Mitungi yangu! Ya Maulidi! Nimeonja miye, wameonja wajukuu zangu, nimempelekea na mke wa Shehe! Usi, unajua ulilofanya? Mvinyo! Ndani ya Maulidi!" Majirani walianza kutoka. Akamgeukia Machano, macho yamemtoka. "Na weye je? Si weye uliyeniletea hapa mlangoni?"

Machano alipata kupatana na Wahindi, Waarabu, mabaharia na wake wa mabaharia, lakini kichwa chake hakijapata kwenda mbio kama hapo.

"Ndiyo maana nimemleta, Bi Mize," alisema. "Nilipojua tu, nikamwambia twende ukaseme kwa mdomo wako."

Usi aligeuka akamtazama. Machano alikwishatayarisha la kujibu, endapo Usi atapiga kelele, atamwita mwongo. Halikuhitajika. Usi alimtazama kama alivyokuwa akilitazama tone kwenye sahani, akaijua rangi yake, kisha akainamisha macho kwenye mikono yake. Majirani walikuwa wameshajaa barazani.

Kuanzia hapo Machano hakupoteza nafasi. Siki sasa haina bei, lakini namna ya kuimwaga bado ilikuwa na bei. Siku iliyofuata alimwita Shehe Matar Mtoni, akayatoa mapipa mpaka ukingoni mwa barabara, saa ambayo watu wanatoka mjini kwenda Bububu, akayafungua moja moja. Mtaro ulipita mwekundu mbele ya miguu ya watu. Watu walisimama, wakashusha mizigo. Hata basi lilisimama. Ikawa habari ya mji kwamba kuna Mtumbatu mmoja muuza chupa kaimwaga mali yake yote njiani kwa kuogopa kuwalisha Waislamu najisi, na kwamba aliyetaka kuwalisha ni Usi Mvinyo, na asingekuwa Machano kumkamata, Maulidi yangeliwa kwa mvinyo.

Mshenga wa Bi Mwanakhamis alikuja na maneno mafupi. Hana ugomvi na Usi, lakini mtu huyu haukai mkono wake pahala pakabaki safi. Kanga ya Wanu abaki nayo.

Usi alikwenda kwa Machano mara moja tu kuhusu jambo hilo. Hakuingia ndani. "Nenda Malindi," alisema. "Waambie ni miye niliyesema, si weye uliyenileta. Siitaki heshima yako. Nataka wajue Wanu ana baba wa namna gani, basi."

Machano alilipima neno hilo. Akisema Usi ndiye aliyekwenda kwa hiari yake, swali la pili la Bi Mwanakhamis litakuwa ni nani basi aliyezipeleka zile chupa kwa Bi Mize, na alikuwa anajua nini. "Nitakwenda," alijibu.

"Lini?"

"Mambo yakipoa."

Mabrouk aliozwa Mkokotoni mambo kabla hayajapoa. Usi hakurudi kuuliza.

Mapipa, kwa mujibu wa mapatano, yalirudi kwa Kwadrosi, na aliyeyabingirisha kutoka kwenye gari la punda mpaka ndani alikuwa Usi. Kwadrosi hakumcheka. Alimwonesha msumarini. "Gunia lako lipo," alisema. "Hakuna aliyeligusa." Mapipa mengine ya Dao yalikuja na meli iliyofuata, na Usi akawachanganya Turiga na Jaeni na Alfrosheiro kama kwanza, isipokuwa, Kwadrosi alisema, hakuuliza tena habari za milima. Wanu alikaa nyumbani misimu miwili, kisha akaolewa Tunguu na mkulima aliyefiwa na mke, mtu mzima, mwenye watoto wakubwa kuliko Wanu. Mahari haikushindaniwa. Mama yake, mke wa Usi, alimfuata huko, akawa haji mjini ila sikukuu.

Machano akafungua duka Darajani. Aliuza siki ya tembo, ile ile ya siku zote yenye utando, lakini watu wa Malindi, Vikokotoni na Ng'ambo waliipangia foleni, kwa sababu siki ya Machano haina shaka. Mwenye jina la kumwaga mali barabarani hahitaji kuapa. Bi Mize alikuwa wa kwanza kununua, na achari yake ikauzwa vizuri kuliko zamani. Chupa zilitoka kwa Kwadrosi, zilezile nyeusi za mvinyo, zimeoshwa.

Karibu na mwisho wa miaka ya hamsini, siku ya Ijumaa, duka limejaa, Usi aliingia. Alikuwa amezeeka haraka. Watu walisogea kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyosogea kumpisha mwenye mzigo wa mkaa.

"Nipe siki chupa moja," alisema. "Nnakwenda Tunguu kwa Wanu. Kajifungua."

Machano alimpa, akakataa malipo. Usi aliigeuza chupa, akaitazama chini yake.

"Hii nimeiosha miye," alisema.

"Zote umeziosha weye, Usi."

Usi akaitikia kwa kichwa, akakunja ngumi, akamnyooshea kifundo cha mkono kama mara ya kwanza. Machano akakishika, palepale juu ya meza, mbele ya watu. Kisha Usi akatoka.

Bibi mmoja alikuwa ametoa chupa yake tupu, sasa akairudisha kwapani. Machano aliona. Hakusita kwa muda mrefu. Akaagiza kopo la maji, akanawa mkono mpaka kwenye kifundo, akafuta meza palipokuwa na chupa, akatandaza kitambaa kikavu.

"Haya, nani anafuata?" alisema.

Usi alikuwa hajafika mbali. Alikuwa amesimama nje, anaitia chupa kwenye kikapu, na alikuwa amegeuza uso upande wa duka. Aliyaona maji yakimwagwa mtaroni. Akakiweka sawa kikapu chake, akaenda kutafuta gari la Tunguu.